Mwanga Haupigi Jicho Moja

Mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, mtaa mzima unamwita Cheche, na jina hilo nilimpa mimi. Wapo watakaokwambia lilitoka kwa mafundi wenzake. Wasamehe. Mtu akishakuwa hodari, kila mmoja hudai ndiye aliyemfunza kutembea. Mimi ndiye niliyemshikisha mashine ya kuchomelea kwa mara ya kwanza, mama yake akiwa kasimama mlangoni mwa karakana, mikono kiunoni, akiniambia, "Ukimuunguza mwanangu, nitakuchomelea wewe na hiyo mashine muwe kitu kimoja."

Sikumuunguza. Nilimfanya fundi. Leo ukiona geti ambalo mshono wake umelala sawasawa kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye subira, usiulize nani kalichomelea. Cheche hana maneno mengi. Mteja akiingia na kuuliza, "Fundi yuko wapi?" yeye hunyoosha kidole kwangu. Mimi nikiulizwa, namrudishia yeye. Mteja huzunguka hivyo mpaka apate akili.

Kasoro yake ni moja tu: hajui kuumwa. Sisemi haugui. Nasema hajui. Akiugua hujifanya anafikiri. Utamkuta kaegemea nguzo, macho kayafumba, ukimuuliza anakwambia anapiga hesabu za vipimo. Kwa ukaidi huo kamrithi baba yake, upande wetu sisi ni watu wasikivu.

Sasa, ili unielewe, lazima nikueleze jambo la kazi yetu. Shule niliiacha darasa la sita. Si kwa ujinga, ila mimi na mwalimu tulitofautiana kuhusu nani amfundishe mwenzake. Lakini katika habari za macho ya mchomeleaji, nina shahada ambayo hakuna aliyenipa. Ule moto mweupe unaouona ukipita mbele ya karakana, ukiutazama bila kioo cheusi, haukuumizi papo hapo. Unakuacha uende nyumbani, ule, ucheke na watoto. Halafu baadaye unahisi kama mtu kakumwagia mchanga machoni. Machozi yanachuruzika, mwanga wa taa unakuchoma, unatamani kuwa popo. Tunaita kupigwa na mwanga. Kwetu kila mmoja kapigwa, na dawa tunayoijua ni kukaa gizani na kubandika vipande vya kiazi kibichi kwenye kope. Kiazi hakitibu kitu, kinapoza tu na kukupa jambo la kufanya. Baada ya muda mchanga unaondoka, unarudi kazini, wenzako wanakucheka.

Ndiyo maana katika karakana yetu jicho likivimba hakuna anayeuliza sababu. Sababu tunayo tayari.

Na pua pia hatuulizi. Kwa vumbi la chuma, moshi na rangi tunayopuliza, pua kavu kwetu ni ya mgeni. Kwa hiyo Cheche alipopata mafua, hakuna aliyegeuza shingo. Yakamsumbua, yakapungua, akaanza kuvuta hewa vizuri na hata kuimba kidogo, jambo ambalo hatukumwomba. Tukadhani yamekwisha. Kumbe yalikuwa yamekwenda kuwaita ndugu zake.

Yaliporudi yalirudi upande mmoja, wa kushoto. Kamasi nzito ya manjano, inayonuka mpaka yeye mwenyewe anakunja uso. Maumivu juu ya nyusi na kwenye kona ya jicho, pale pua inapoanzia. Akiinama kushika chuma, kichwa kinajaa kama ndoo inayotaka kumwagika. Mkanda wa barakoa ya kuchomelea ukawa unambana paji la uso vibaya, akauwekea kitambaa. Kitambaa nacho kikashindwa, akaiweka barakoa pembeni na kuchukua brashi, akawa anapaka rangi tu. Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo dogo. Cheche kupaka rangi mashine ikiwa hapo, ni kama simba kula mchicha.

Hayo yote niliyajua baadaye. Mimi nilikuwa nimekwenda kusimamisha geti la ghala upande wa pili wa mji, kazi ambayo bila mimi ingesimama kama mlevi. Aliyebaki naye ni Msasa.

Msasa ni fundi mwenzake, kijana wa kusaga na kulainisha vyuma, mdomo wake unasaga kuliko grinda. Ana moyo mzuri. Ubaya wake ni kwamba hapendi swali likae bila jibu, na la kwanza linalomjia ndilo analolitoa. Asubuhi moja Cheche alipoingia kope la kushoto limetuna, jekundu kama pilipili, Msasa alipiga makofi.

"Karibu kwenye chama! Mwanga umekupiga!"

"Sijachomelea siku zote hizi," Cheche akasema. "Napaka rangi."

"Ulipita nyuma yangu nikichomelea. Mwanga hauna adabu, hauulizi nani fundi nani mpita njia. Lala hapo nikuletee kiazi."

Akalala. Hilo tu lingetosha kuwatisha, Cheche kukubali kulazwa. Akabandikwa kiazi jicho hili, akabandikwa na lile zima, kwa sababu Msasa alisema kiazi kikikaa upande mmoja kinaonekana kibaya.

Mimi nilirudi kesho yake asubuhi. Nilimkuta Cheche amesimama mbele ya geti la duka la mteja, barakoa mkononi, kiazi kimemwangukia begani. Alikuwa ameamka kwa ubishi, akachomelea bawaba ya mwisho ili kuwaonyesha kuwa hana kitu. Mimi kabla sijasalimiwa nikaitazama ile bawaba. Kabla ya kwenda ghalani nilikuwa nimechora mstari wa chaki mwenyewe, mstari mmoja, mweupe. Bawaba ilikuwa imekaa pembeni yake, upana wa kidole gumba, na mshono umepinda kama mkia wa mbwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nani kachomelea hii?"

Msasa akaanza kutafuta kitu sakafuni.

"Mimi," Cheche akasema.

"Umelewa?"

"Nimefuata mstari wako."

"Mstari upi?"

"Ule wa kulia."

Nikacheka, nikidhani ni utani. Hakucheka. Nikaitazama chaki tena, nisije nikawa ndiye mwenye kosa, jambo ambalo halijatokea lakini mtu huangalia.

"Cheche, mama. Kuna mstari mmoja tu hapo."

Akakaza macho. Akaziba lile zima kwa kiganja, akaliachia. Akaziba lililovimba, akaliachia. Halafu akasema taratibu, kama mtu anayesoma kibao cha mbali, "Nikifungua yote ni miwili."

Nikamsogelea. Msasa nyuma yangu anasema, "Ni mwanga tu, mjomba, hata mimi mwaka ule niliona..."

"Nyamaza. Cheche, una mchanga machoni?"

"Hapana."

"Machozi? Mwanga wa mlangoni unakuchoma?"

"Hapana. Linauma kwa ndani. Nikiligeuza linauma zaidi."

"Hili la kulia?"

"Zima kabisa."

Nilimwambia Msasa neno ambalo tangu siku hiyo limeandikwa kwa chaki ukutani pale, ingawa nililiandika mwenyewe: mwanga haupigi jicho moja. Ukitazama moto umeutazama kwa macho mawili, unakulipa kwa macho mawili, na unakulipa kwa mchanga na machozi. Jicho moja linalovimba, linalouma likigeuka, linaloona vitu viwiliviwili, kwa mtu asiye na mchanga wala machozi, hilo si letu. Lilikuwa nini, sikujua. Nilijua tu kwamba si letu. Nikamgusa paji la uso, likaniunguza. Nikamtazama kwa ubavuni nikaona jambo ambalo kwa mbele halionekani: jicho lenyewe, si kope tu, lilikuwa limesukumwa mbele, kama kuna mtu yuko ndani analisukuma atoke.

"Washa pikapu," nikamwambia Msasa.

"Bawaba je?" Cheche akauliza.

"Bawaba ikuzike? Panda gari!"

Njiani nilimtoa Cheche kwa maswali habari yote ya mafua. Hospitalini Msasa alitutangulia mapokezi, na kabla sijafika alikuwa amekwishajibu kila swali. Ni mchomeleaji? Ndiyo. Macho? Ndiyo, mwanga umempiga, tumempa kiazi. Dada wa mapokezi, ambaye simlaumu, akatuonyesha benchi la watu wa macho, refu, limejaa wazee wenye miwani iliyofungwa kamba. Tukae tungoje.

Tukakaa. Cheche akaegemeza kichwa ukutani akafumba macho.

"Unapiga hesabu?" nikamuuliza.

"Sipigi," akasema. "Kichwa kinauma, mjomba."

Nimemlea binti yule. Sijawahi kumsikia akitamka sentensi ile. Nikasimama. Mimi nina sauti ambayo imezoea kushindana na grinda, na siku hiyo niliitumia yote. Nilisema pale katikati kwamba huyu hakupigwa na mwanga, aliyesema mwanga ni mpumbavu wetu na tunamrudisha nyumbani. Huyu ana mafua yaliyorudi, ana homa, jicho moja linatoka nje, na anaona vitu viwili. Wale wazee wote wakanigeukia. Mmoja akasema, "Mpisheni, jamani, kabla hajatupasua masikio."

Alitoka nesi mmoja, mtu mzima, mwendo wa haraka. Hakuniambia nipunguze sauti. Alimsimamia Cheche, akainua kidole. "Kifuate bila kugeuza kichwa." Jicho la kulia likakifuata kidole kama kuku anavyofuata punje. La kushoto likaenda nusu ya njia likasimama. Cheche akauma mdomo kwa maumivu.

"Umesema mafua yalirudi?" nesi akamuuliza.

"Yalikuwa yameisha. Yakarudi mabaya zaidi."

"Umetapika? Shingo inakunjika? Hebu gusa kifua kwa kidevu." Akagusa. Nesi akashusha pumzi kidogo, lakini mikono yake ilikwishashika kiti cha magurudumu. Wale wazee wa miwani tukawaacha palepale.

Yakafuata mambo ya haraka. Damu, sindano, dripu, na ile mashine kubwa ya duara inayopiga picha kichwa kizima. Dada yangu akafika, kanga moja begani, nyingine anaiburuta. Hakunisalimu. Alinitazama kama aliyekuwa akiningoja mlangoni mwa karakana miaka yote ile.

Daktari wa pua alikuwa mwanamke mwembamba, anaongea kwa upole kiasi kwamba unalazimika kunyamaza. Alituonyesha picha kwenye kioo. Akatuambia mifupa ya uso haikujaa, ina vyumba vya hewa ndani yake, juu ya nyusi, kwenye mashavu, na kati ya macho.

"Kama bomba la mraba," nikasema.

"Kama bomba la mraba," akakubali, na ninataka ijulikane kwamba alikubali. Vyumba hivyo huitwa sainasi, na vinatoa maji yake puani. Mafua yakiziba mlango, maji yanalala humo, yanaoza, yanakuwa usaha. Kwa watu wengi sana unatoka wenyewe au kwa dawa, na mtu anarudi kazini. Lakini kati ya chumba kimojawapo na tundu la jicho kuna ukuta mwembamba kama karatasi.

"Bati la geji nyepesi," nikasema, "ukilipiga grinda linatoboka."

"Mwache daktari aseme!" Dada yangu huyo.

"Kwa binti yako maradhi yamevuka ukuta huo," daktari akamwambia. "Ni jambo la nadra, hasa kwa mtu mzima, ndiyo maana watu hawalifikirii. Usaha umeanza kukusanyika pembeni mwa jicho, unalisukuma. Nyuma ya jicho kuna mshipa unaopeleka kuona kwenye ubongo. Ukibanwa, kuona kunaondoka, na kunaweza kuondoka kwa muda mfupi sana. Na juu ya vyumba hivi ni ubongo wenyewe."

"Tuangalie nini?" dada yangu akauliza.

Tukaambiwa ya kuangalia, na sisi tukayashika kama watu wanaokariri njia ya kutoka ndani ya nyumba inayoungua. Akianza kutapika, au kusema maneno yasiyoeleweka, au kusinzia kusikoamshika, au shingo kukakamaa, au paji la uso kuvimba likawa teketeke, au jicho la pili nalo kuanza kuvimba, tupige kelele. Nilimwambia kwa kelele amepata mtu. Na kuona kwake kutapimwa mara kwa mara. Dawa zinaingia kwenye mshipa sasa, zikishinda, vizuri. Zikishindwa, au kuona kukipungua, anakwenda chumba cha upasuaji wakati huohuo bila kungoja.

Kipimo chenyewe kilikuwa kifuniko chekundu cha chupa ya dawa. Nesi anaziba jicho zima, anakionyesha kwa lile bovu, kisha anabadilisha. "Wekundu wake ni sawa huku na huku?" Basi. Nilitegemea mashine yenye taa. Nesi akanieleza kwamba mshipa ule ukianza kubanwa, rangi nyekundu ndiyo huanza kupauka, kabla mtu hajajua kuwa haoni.

Mara ya kwanza Cheche alijibu, "Sawa." Mara ya pili, "Sawa."

Kisha Msasa akaja kumsalimu. Nilikuwa nimetoka kumtafutia dada yangu maji ya kunywa, na niliporudi nikamkuta kamwinamia kitandani, anamnong'oneza, uso umemwiva kwa huruma. Aliponiona akasimama wima kama aliyekutwa akidokoa sufuriani.

"Ulikuwa unamwambia nini?"

"Nilikuwa namtia moyo."

Nilimtoa hadi kwenye korido kwa sikio, ingawa ana mke. Akatapika yote. Alimwambia Cheche kwamba wakimwingiza chumba kile cha upasuaji wanalitoa jicho, kwa sababu jirani ya shangazi yake aliingia na macho mawili akatoka na moja. Na mchomeleaji wa jicho moja, Msasa akamweleza kwa huruma ileile, hawezi kupima umbali wa ncha ya moto, itabidi apewe brashi apake rangi maisha yake yote.

"Nilitaka ajiandae, mjomba."

"Wewe ukifa," nikamwambia, "huo mdomo utazikwa siku ya pili yake, utakuwa haujamaliza."

Nikamfukuza arudi karakana na pikapu. Nikaingia wodini. Jua la mchana lilikuwa limeingia dirishani mpaka kwenye shuka. Nesi alikuwa tayari ameshika kile kifuniko.

"Wekundu ni sawa huku na huku?"

"Sawa."

Lilitoka haraka mno. Nesi akaandika, akaenda kwa mgonjwa wa kitanda kingine aliyekuwa anakohoa. Mimi nikabaki namtazama. Nimewafundisha watu kazi muda mrefu, na najua sauti ya fundi anayekwambia mshono umeshika wakati hajaugonga nyundo. Kabla ya Msasa kuja, Cheche alikuwa anatazama kwanza, anakunja uso, ndipo anajibu. Sasa alikuwa ana jibu mfukoni kabla ya swali.

"Cheche, jicho likoje?"

"Zuri."

"Zuri kama lile la kulia?"

"Mjomba, niache nilale."

Ningeweza kumsihi. Dada yangu alikuwa hapo, angeweza kulia, na Cheche hapendi kumwona mama yake akilia. Lakini ukaidi wa ukoo ule hauvunjwi kwa kusihi, unazungukwa. Kwenye kabati la kitanda cha jirani kulikuwa na chupa ya dawa ya kikohozi, kifuniko chake cha kahawia, kahawia ya udongo uliolowa. Nikamwomba mwenyewe kwa ishara, akanipa bila kuelewa. Nikarudi, nikajikohoza kama nesi.

"Basi tumalize. Ziba jicho zima. Fungua hilo bovu kwa kidole chako."

"Nesi ameshapima."

"Na mimi ni nani, mwizi? Fanya kwa ajili ya mjomba wako, nikalale na amani."

Akaziba la kulia kwa kiganja. Akalipandisha kope la kushoto, likafunguka ufa mdogo, ndani yake wekundu mtupu. Nikakisogeza kile kifuniko cha kahawia mpaka mbele yake.

"Hii ni rangi gani?"

"Nyekundu."

Dada yangu akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

"Nyekundu kama ile ya nesi?"

"Ileile. Sawa kabisa."

"Sasa fungua jicho lako zima, mama, utazame."

Akakiondoa kiganja. Akakiona kile kifuniko. Nimeona watu wakiungua, nimeona geti likimwangukia mtu, lakini sijaona uso ukibadilika namna ile. Kwanza hasira, iliyonilenga mimi. Halafu hasira ikaondoka, kilichobaki ni msichana mdogo aliyekuwa akisimama mlangoni mwa karakana nyuma ya mama yake.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu kabla Msasa hajaondoka." Sauti ilikuwa chini kabisa. "Inazidi kuwa giza. Mjomba, wasilitoe. Nakuomba. Nitapona na dawa."

"Nesi!" nikapiga kelele. Niliahidi kelele, nikaitoa.

Nesi alikuja mbio, akakiona kifuniko mkononi mwangu, akamwona Cheche analia, na hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alipima upya, safari hii hakusema rangi wala hakuuliza kama ni sawa. Alisema tu, "Niambie unachokiona." Cheche akamwambia. Nesi akatoka bila kuandika kwanza.

Daktari yule mpole alifika na kuinama usawa wa kitanda. "Nani kakwambia tunang'oa jicho?"

Msasa ana bahati alikuwa keshaondoka.

"Sikiliza. Naingia kwa puani. Sigusi jicho. Naufungua mlango ulioziba, natoa usaha, jicho linapata nafasi ya kurudi mahali pake. Kinachong'oa jicho ni kungoja. Siwezi kukuahidi kwamba kuona kutarudi kote. Ninachokwambia ni kwamba kukingojwa, kunakwenda. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Unakubali?"

Cheche akamtazama mama yake. Dada yangu, ambaye nilidhani atalia, akasema kavu, "Ukimkatalia daktari, nitakuchomelea kwenye hicho kitanda." Ndivyo anavyopenda, yule mwanamke.

"Nakubali," Cheche akasema.

Wakamsukuma. Tukaufuata mkokoteni mpaka kwenye milango miwili inayojifunga yenyewe, ikajifunga mbele ya pua zetu. Sitakuelezea kungoja kule. Nilianza hadithi ya kuchekesha nikaisahau katikati, mimi! Dada yangu alikuwa anakunja kanga, anaikunjua, anaikunja. Mara moja akaniuliza, "Ulijuaje anadanganya?" Nikamwambia kwa ujuzi wangu. Akasema, "Ulijua kwa sababu nawe ni mwongo." Nikaenda kununua chai, si kwa kushindwa, ila mahali pale hapakufaa mabishano.

Daktari alitoka kofia ya kijani ikiwa imelowa jasho. Usaha umetoka, mwingi. Jicho lipo mahali pake. Mshipa ulikuwa umebanwa, sasa umeachiliwa. Umeumia kiasi gani, jicho lenyewe litasema. Usaha haujaingia kwenye ubongo. Dawa za dripu zinaendelea, kisha za kumeza, kwa muda mrefu, na asiache hata akijiona mzima. Dada yangu akamshika mikono yote miwili akaitikisa kama anakung'uta nguo. Mimi nilitaka kumwuliza daktari kama ameona jinsi nilivyokitumia kile kifuniko, lakini alikuwa anawahi mgonjwa mwingine.

Kesho yake alasiri Cheche alikuwa amekaa, mito miwili mgongoni, pua imejazwa pamba, anaongea kama mtu aliye ndani ya pipa. Uvimbe ulikuwa umeanza kusinyaa, kope linafunguka lenyewe nusu. Nesi akaja. Akaziba jicho zima kwa kiganja chake mwenyewe, safari hii hamwachii mtu kazi hiyo. Akainua kifuniko, kisha akabadilisha jicho.

Cheche alitazama muda mrefu, akakunja uso, akageuza kichwa, akatazama tena. Dada yangu alikuwa ameng'ata pindo la kanga.

"Jana kilikuwa giza," akasema. "Leo ni nyekundu, lakini iliyofuliwa mara nyingi. Kile cha jicho zima ni kipya, hiki cha huku kimepauka."

"Kimepauka kuliko asubuhi?"

"Asubuhi kilikuwa kibaya zaidi. Na nikitazama pembeni bado kuna kivuli. Nakwambia ukweli."

"Ndiyo ninaoutaka," nesi akasema. "Kikiwa kinarudi, kinarudi." Akaandika, akaenda.

Dada yangu akajifuta uso. Cheche akanigeukia, jicho moja zima, jingine nusu, yote mawili yamenilenga.

"Na wewe mjomba, usinisogelee tena na vifuniko vya watu. Ulinidanganya mgonjwa mimi, kitandani."

"Nani alianza kudanganya?"

"Mimi. Nani alinifundisha kazi?"

Hilo sikulipinga. Mbele ya watu mtu hakatai sifa yake.